Askari na Mbwa Wake: Nani Amfundishaye Mwenziwe?

Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu kwenye ncha yake ya kusini, na papo hapo huwa mpaka. Ng'ambo hii ni Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi, ambayo watu wazima wengi wangali wakiiita Cyangugu, kwa jina la mkoa uliokuwapo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ng'ambo ile ni Bukavu, nchini Kongo. Penye daraja pana foleni ya watu: akina mama wachuuzi wenye vikapu vya nyanya na sambaza wakavu, vijana wenye magunia ya unga, wanafunzi, wagonjwa, na jamaa waendao kuzika.

Ndugu msomaji, tumweke hapo, kwa mfano tu, askari mmoja na mbwa wake. Mbwa amefunzwa kutafuta bangi, na akiinusa huketi chini na kutulia. Wanapita kando ya foleni, kikapu baada ya kikapu, mpaka wanamfikia mama mmoja ambaye ameinamisha macho. Askari hakuipenda sura yake tangu alipomwona kwa mbali. Bila ya kukusudia anapunguza mwendo, mkono wake unaifupisha kamba kwa kadiri ya kidole kimoja, na pumzi yake inasimama. Mbwa naye anasimama. Anamtazama bwana wake. Kisha anaketi.

Je, mbwa amenusa bangi, au amenusa shaka ya askari?

Swali hilo si la mzaha. Kwa kukaa kule kwa mbwa, mama yule atatolewa katika foleni mbele ya watu, kikapu chake kitamwagwa, na sambaza zake zitachelewa soko. Ikiwa bangi imo, sheria imefanya kazi yake. Ikiwa haimo, mwananchi ameonewa na mnyama ambaye hakuwa na kosa lolote. Elimu ya kumtambua mbwa, ambayo siku hizi ni taaluma kamili na watu huajiriwa kwayo, inazunguka juu ya jambo hili. Na wengi wanaoingia darasani wakidhani wanakwenda kumfundisha mbwa hushangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya masomo inamhusu binadamu aliyeshika kamba.

MWANZO WA KAZI HII

Mbwa wa polisi kwa maana tunayoielewa leo walianza katika mji wa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1899, walipotumiwa kufuatana na askari wa doria za usiku. Miaka michache baadaye, Mjerumani mmoja aitwaye Konrad Most, naye akiwa ofisa wa polisi, aliandika kitabu cha mafunzo ya mbwa kilichotoka mwaka 1910. Most alikuwa mkali, na baadhi ya njia zake za kumlazimisha mnyama kwa maumivu zimeachwa na walimu wengi wa leo. Lakini aliliona jambo moja ambalo halijabadilika: mbwa hajui maneno yetu wala sababu zetu. Yeye huunganisha tendo lake na kile kilichofuata mara moja baada ya tendo hilo. Ukichelewa kumpa tuzo, umelipa tendo jingine.

Wakati huo huo huko Urusi, Ivan Pavlov, aliyetunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, alikuwa ameonyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa kusikia tu dalili ya chakula ijayo. Ni kwa sababu hiyo mwalimu wa mbwa hutumia sauti fupi, au kidude kidogo kinacholia tiki, kumwambia mwanafunzi wake "hapo hapo umepatia", halafu ndipo hutoa mpira au kipande cha nyama. Sauti huziba pengo lililopo kati ya tendo na tuzo.

Jambo hili ni jepesi kulisoma na gumu kulitenda. Karen Pryor, Mmarekani aliyeanza kwa kufundisha pomboo, aliandika mwaka 1984 juu ya mchezo ambao tangu hapo umetumiwa katika madarasa mengi. Mwanafunzi mmoja hutolewa nje. Wenzake wanapatana kwamba akirudi afanye jambo fulani, tuseme aguse dirisha. Anaporudi hapewi neno lolote. Akielekea dirishani husikia kofi moja la mikono, akienda kwingine ni kimya. Ikiwa mpiga kofi ni hodari, mtu yule hufika dirishani upesi. Ikiwa mpiga kofi amechelewa, mtu yule huanza kuzunguka, hutokwa jasho, hukasirika, na mwisho husimama katikati ya chumba na kukataa kuendelea. Kila askari aliyewahi kusema kwamba mbwa wake ni mkaidi angefaa atolewe nje ya chumba hicho walau mara moja.

CHEO CHA MBWA

Kuna imani iliyoenea sana katika kambi zetu, na si ajabu, kwa kuwa sisi watu wa jeshi na polisi tumezoea vyeo. Nayo ni kwamba mbwa ana cheo chake moyoni, na kwamba usipomshinda nguvu yeye atakushinda wewe. Chanzo chake ni uchunguzi wa mbwa-mwitu waliofungiwa pamoja, uliochapishwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947. Mmarekani David Mech aliieneza fikira hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyo huyo, baada ya kuwafuatilia mbwa-mwitu walio huru porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wageni waliofungiwa banda moja hupigana. Mzazi hana haja ya kumpiga mwanawe vita ili amfuate. Ni heshima kwa mwanachuoni kusahihisha kauli yake mbele ya watu, na ni masikitiko kwamba habari ya masahihisho husafiri polepole kuliko habari ya kosa.

Madhara ya imani hiyo yanaonekana zaidi katika kunguruma. Mbwa anguruma, askari anampiga. Kesho yake mbwa akisogelewa na jambo lile lile hanyanyui mdomo wala hatoi sauti, na askari anajisifu kwamba ametiishwa. Sivyo. Hofu ile ile ingalimo ndani. Kilichoondolewa ni onyo. Siku moja mbwa huyo atauma bila ya kutangaza, na watu watasema amegeuka ghafla.

Kwa hiyo mwanafunzi wa taaluma hii hutumia saa nyingi akitazama tu. Anajifunza kwamba mkia unaotikiswa si furaha kila mara. Mkia ulionyanyuliwa juu, mgumu, ukitikisika kwa kasi ndogo, waweza kutangulia kuumwa. Anajifunza kuona mbwa anapojiramba midomo na hakuna chakula, anapopiga miayo na hana usingizi, anapogeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana. Hizo zote zaweza kuwa njia zake za kusema kwamba jambo limemzidi. Anajifunza pia kwamba mambo mengi huamuliwa kabla mbwa hajafika kikosini: wachunguzi Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi za maisha yake mtoto wa mbwa hufungua moyo kwa watu na mambo mapya, na kwamba aliyekulia mbali na watu katika majuma hayo ni shida kumzoesha baadaye. Mbwa ambaye hajapata kuona umati, pikipiki na mwavuli uliofunguliwa ghafla hafai kupelekwa darajani, hata pua yake iwe nzuri namna gani.

FARASI WA BERLIN

Sasa turudi kwa yule askari na ile kamba iliyofupishwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi mmoja mjini Berlin aitwaye Hans. Bwana wake, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, alikuwa amemfundisha hesabu. Ukimwuliza mbili na tatu ni ngapi, Hans alipiga ukwato mara tano. Wataalamu walikuja, wakapekua, hawakuona hila. Na kwa kweli hapakuwa na hila, kwa sababu mzee yule alikuwa mwaminifu. Ni Oskar Pfungst aliyetegua kitendawili, mwaka 1907. Aligundua kwamba mwulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Farasi hakuwa akihesabu. Alikuwa akimtazama mwulizaji, ambaye kila pigo la haki lilipofika aliinua kichwa kidogo sana bila ya mwenyewe kujua. Pfungst alipokwisha kuijua siri hiyo alijaribu kujizuia asitoe ishara, akashindwa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwajaribu mbwa 18 wa kunusa dawa za kulevya na mabomu pamoja na waongozaji wao. Taarifa yao ilitoka mwaka 2011. Waliwapeleka ndani ya kanisa, katika vyumba vinne, wakawaambia waongozaji kwamba huenda mna harufu zilizofichwa, na kwamba baadhi ya mahali pametiwa alama ya karatasi nyekundu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na kitu chochote kilichofichwa katika chumba chochote. Upekuzi 144 ulifanywa. Ni 21 tu uliomalizika bila ya mwongozaji kutangaza kwamba mbwa wake ametambua kitu, na penye karatasi nyekundu ndipo palipotangazwa zaidi.

Waongozaji walikasirika, nao walikuwa na hoja. Uchunguzi ule haukuweza kusema ni mara ngapi mbwa aliketi kweli kwa kufuata ishara ya bwana wake, na ni mara ngapi bwana aliona kuketi ambako hakukuwapo. Mimi naona kwamba kwa mama mwenye kikapu tofauti hiyo ni ndogo mno.

Dawa yake inajulikana, nayo si ya gharama. Katika mazoezi, anayeficha kifurushi huondoka kabisa. Anayeongoza mbwa hajui kilipo. Na anayesimamia karibu nao naye hajui, asije akakohoa au akatazama pembeni. Tena, kuwe na siku ambazo hakuna kilichofichwa, na askari asiambiwe. Mwongozaji ambaye kila zoezi lake lina kifurushi hujifunza kwamba lazima kipatikane, na mbwa wake hujifunza kwamba akiketi kila wakati bwana hufurahi. Juu ya hayo kuwe na daftari, ambamo huandikwa kila mara mbwa alipoashiria, kilichoonekana na kisichoonekana. Daftari linaloandika ushindi peke yake halimsaidii mtu mahakamani, wala halimsaidii mwalimu kujua kosa lilianzia wapi.

PUA, UPEPO NA JOTO

Isidhaniwe kwamba nadharau pua ya mbwa. Ina vipokea-harufu zaidi ya milioni 100, ilhali sisi tuna milioni 5 au 6. Anapotoa pumzi hewa hutokea pembeni mwa tundu za pua, kwa hiyo haifukuzi harufu iliyo mbele yake. Wachuuzi wa magendo hufikiri kwamba samaki wakavu watafunika harufu ya bangi. Lakini mbwa hapokei mchuzi mmoja kama sisi, bali hutenga kitunguu, chumvi na nyanya kila kimoja mahali pake.

Hata hivyo pua hiyo inategemea hewa, na Rusizi ni mahali pa kumfunza mtu elimu ya hewa. Mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka ukaelekea ziwani. Harufu hutembea kama moshi wa jikoni: husukumwa, hukwama ukutani, huzama penye bonde. Mwongozaji asiyejua upepo unatoka wapi humpitisha mbwa upande usiofaa na kumlaumu kwa kutoona kitu. Halafu kuna joto. Kamembe ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya wastani. Lakini ukiteremka kusini hadi bonde la Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga karibu na mpaka wa Burundi, umefika sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kiasi cha mita 950, na jua la huko ni jingine. Mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema. Mdomo ukiwa wazi akihema, hanusi sawasawa. Askari anayemfanyisha mbwa kazi saa saba mchana penye lami, bila kivuli wala maji, anatembea na mnyama asiye na pua.

MBWA KATIKA MACHO YA WATU

Hapa yatubidi tuseme jambo zito. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, maiti zilitapakaa nchini mwote, na mbwa walizila. Askari wa RPF waliwapiga risasi mbwa wengi kwa sababu hiyo, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa pia waliwaua. Wageni waliofika Rwanda baada ya hapo walishangaa kwa ukimya: nchi ya vijiji isiyokuwa na mlio wa mbwa. Polisi wa Rwanda leo wana kikosi cha mbwa wa kunusa mabomu na dawa za kulevya, na mbwa wamerudi majumbani. Lakini katika foleni yoyote ya watu wazima huenda akawamo mtu ambaye, akimwona mbwa akikaribia, haoni chombo cha usalama. Jasho lake na macho yake yaliyoinama si ushahidi wa bangi.

Wako tena wale ambao mate ya mbwa ni najisi kwao, na Waislamu wa Kamembe na Bugarama si wachache. Mafunzo mazuri yamelipatia jambo hili njia: mizigo huwekwa chini, wenyewe husogea kando, mbwa hupita kwenye mizigo peke yake, na akitambua huketi pasipo kukwaruza wala kugusa. Mwananchi hahitaji kupumuliwa na mbwa ili apite mpaka.

Wanaotaka kuishika taaluma hii katika sehemu zetu wana mifano ya karibu. Kaskazini mwa Ziwa Kivu, Hifadhi ya Virunga ilianzisha mwaka 2011 kikosi cha mbwa wa kufuata nyayo za majangili, askari wake wakifunzwa na Mswisi Marlene Zähner, daktari wa wanyama. Huko Usa River, karibu na Arusha, Shirika la Wanyamapori Afrika limewafunza waongozaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko, ambao mbwa wao wametafuta pembe za ndovu na za faru katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Entebbe. Polisi Tanzania wana Kikosi chao cha Mbwa na Farasi. Kwa anayetaka upande wa tiba, wako walimu Nyagatare kwa Chuo Kikuu cha Rwanda na Morogoro kwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Lakini mwenye kustaafu akitaka kujiajiri katika taaluma hii na ajihadhari: katika nchi nyingi, hata Uingereza, sheria haimzuii mtu yeyote kujiita mtaalamu wa tabia za mbwa. Kibao cha mlangoni hakithibitishi elimu. Mwulize mwalimu atafanya nini mbwa akikosea. Akianza na fimbo au ukosi wa miiba, tafuta mwingine.

Na ajue kichaa cha mbwa kabla ya kujua jambo jingine lolote. Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, hakuna dawa. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, halafu mtu akimbilie chanjo siku hiyo hiyo. Na mbwa wa kikosi asiyechanjwa asitoke bandani.

Asubuhi ya zoezi tupu huwa hivi. Vikapu thelathini vimepangwa kwa mstari, vya kweli, vyenye nyanya na samaki. Askari hajui kama kuna kitu. Kamba imelegea, mwendo ni ule ule kutoka kikapu cha kwanza hadi cha mwisho, naye macho yake yako mbele. Mbwa ananusa, anapita, ananusa, anapita, anarudi nyuma hatua moja penye kikapu cha kumi na tisa, kisha anapita. Hakuketi mahali popote. Askari anaandika katika daftari: hakuna. Ndipo mkufunzi anapokwenda nyuma ya ukuta akaweka kifurushi penye sanduku jepesi kuonekana, mbwa akaletwa, akakipata, akapewa mpira wake, ili asirudi bandani bila ya kucheza.